Gari ya Kitaliani na Chetezo cha Bi Zuwena

Kila kijana anayesikia kuwa nilikuwa fundi wa viti vya magari pale Wadi Kabir, Maskati, huniletea simu yake mpaka machoni. "Ami Khalfani, hebu tizama hii! Wanatengeneza chache tu, kwa mkono, Italia! Ushawahi kuigusa?" Nshawahi kuigusa, ndiyo. Nimeigusa mpaka ikanitokea puani. Nilitaraji nikistaafu ntakunywa kahawa yangu kwa raha, kumbe ndo kwanza maswali yanaanza. Basi leo nnasema mara moja, mnisikilize vizuri, kisha mniache.

Jina la gari silitaji. Nikilitaja tu mtaanza kupiga kelele na hamtosikia tena ninalosema. Jueni tu kuwa ni gari ya watu wawili, haina hata pa kuweka kikapu cha samaki. Ukipanda lazima ujikunje, na kushuka ndo usiseme, mtu mzima na kanzu yako unatoka kwa magoti mbele za watu. Matuta ya mitaa ya Al Khuwair haivuki ila kwa ubavu. Dereva anaikata upande, gurudumu moja baada ya jengine, tumbo linakwaruza, na nyuma watu wanapiga honi. Mtu mwenye akili zake anaitakia nini?

Nilimwuliza mwenyewe, Haitham, mtoto wa Bi Zuwena. Ni watu wetu wa Unguja, baba yake alimwachia biashara ya vifaa vya umeme, kijana mstaarabu, hana neno na mtu. Lakini kwa gari ile alikuwa hasikii.

"Ami," akanambia, "hii kuna mtu kaikalia akaishughulikia."

"Hata kitumbua changu cha asubuhi kuna mtu kakishughulikia," nikamjibu. "Na hakikwaruzi matuta."

Siku moja nikatoa futi nikapima milango yake. Wa kulia na wa kushoto haikulingana! Kitu cha upana wa kidole. Nikamwita mbio, nikamwambia, "Bwana, wamekupa gari yenye kosa, irudishe." Akafurahi! Wallahi alifurahi. Akanambia ndivyo inavyokuwa bati likipigwa kwa nyundo na mtu. Mimi mteja wangu ningempa viti viwili visivyolingana angenitupia kimoja kichwani, na huyu anachekelea. Nikafunga futi yangu nikaenda zangu.

Sasa kabla sijafika kwenye mkasa wenyewe, nikwambieni kidogo khabari ya ngozi, mana'ke nyinyi mnadhani kiti ni foronya, unavua na kuvalisha.

Mimi kazi nilifundishwa na Ustadh Rafiq, mtu wa Karachi, Mungu amrehemu. Alikuwa na mdomo mchungu. Ukivuta ngozi kwa nguvu alikupiga mkono kwa rula, akakwambia ngozi haiburutwi, inapashwa moto kidogo na mvuke, kisha unaibembeleza mpaka ije yenyewe. Alinifunza kuukagua mshono kwa nyuma kabla ya mbele. Mbele kila fundi anajipamba, alikuwa akisema, nyuma ndo utamjua. Na alinifunza kutotoboa tundu jipya kwenye ngozi ikiwa tundu la zamani lipo, kwa sababu ngozi si kitambaa, tundu lake halizibi. Ukikosea umekosea. Hayo niliyajua kabla sijajua kumjibu mteja.

Na wateja! Kuna bwana mmoja aliambiwa jua la Maskati linakausha ngozi za viti. Kweli linakausha, lakini dawa yake ni kuegesha kivulini na kupangusa kwa kitambaa chenye unyevu. Yeye akachukua mafuta ya nazi, ya mkewe, ya nywele, akavipaka viti vyote mpaka vikang'ara. Ijumaa akapanda na kanzu yake nyeupe akaenda msikitini. Safu nzima ya nyuma ilimwona alivyo. Jumamosi akaja kunigombeza mimi! Kwani mimi ndo nilimpaka?

Haya, chetezo.

Mnajua nyumba zetu. Gari mpya ikifika, mama anaifukiza udi kabla haijatembea. Chetezo ndani, vioo juu, Ayatul Kursi, moshi ukishatulia ndo unapewa ufunguo. Bi Zuwena alizifukiza gari zote za marehemu mumewe na zote za Haitham tangu alipoanza kuendesha. Siku gari ya Kitaliani iliposhushwa mlangoni kwao, Al Khuwair, watu tumejaa, akatoka na chetezo chake kama kawaida, makaa mekundu, udi mzuri.

Haitham akamzuia mkono. "Mama, tafadhali. Hii si gari ya kufukizwa. Usiiguse."

Mbele za watu. Nilikuwepo, nimeshika kikombe cha kahawa, nikatamani niimeze pamoja na kikombe. Bi Zuwena akageuka. Akarudi ndani na moshi wake. Tangu siku ile ikawa salamu, chakula mezani, basi. Haitham anajua kakosea lakini hasemi, mama kaumia lakini hasemi, na wote wawili nyumba moja. Gari ikipita dirishani mama anageuza uso. Mwanawe akimwambia apande wakatembee, anasema magoti yanamuuma. Miezi ikapita hivyo. Mimi nikamwambia Haitham, "Nenda kamwombe radhi mama'ko, itakuchukua dakika moja." Akanambia ataenda. Ataenda, ataenda, mnavyojua nyinyi vijana kwenda.

Asubuhi moja simu inalia, Bi Zuwena. "Khalfani mwanangu, njoo. Usiniulize. Njoo."

Nikaenda. Haitham alikuwa safarini, kazi zake za biashara. Nikamkuta Bi Zuwena kasimama banda la gari, ushungi umemwanguka mabegani. Mlango wa gari uko wazi. Ndani moshi, na harufu ya udi imechanganyika na harufu nyengine ambayo mimi naijua hata nikiwa usingizini. Ngozi iliyoungua.

Kumbe usiku kaota mwanawe kapata ajali. Akaamka akasema, gari imetazamwa na kila jicho la Maskati na haijafukizwa, ndo maana. Akachukua ufunguo wa akiba, akaingiza chetezo, akakiweka juu ya kiti cha pili, akafunga vioo. Kaa likaalika. Likaruka, likaangukia ubavuni mwa kiti, pale pale penye mshono. Alipoliona lishatoboa.

Nikapandisha sauti. "Bi Zuwena! Makaa ndani ya gari! Juu ya ngozi! Hukuweza hata kuweka sinia chini yake?"

"Nigombeze baadae," akasema. "Sasa hivi nisitiri."

"Nikusitiri vipi? Ngozi ile inatoka Italia. Mshono wake wa mkono. Mwambie mwanao, atafahamu."

Hapo akakaa chini, kwenye kizingiti, mtu mzima yule. "Aliniambia neno moja tu, usiiguse. Mimi nimeigusa na nimeichoma. Hatonipigia kelele, Khalfani, namjua. Atanyamaza. Tayari tunasemezana kwa shida, haya machache nayo yakikatika tutakuwa tumemalizana. Na mimi sina mwengine."

Sasa nyinyi mlioniletea simu machoni, nifanyeje? Sheria ya kwanza ya kazi yetu ni kutofungua gari ya mtu bila mwenyewe kujua. Na mbele yangu amekaa mama aliyenilisha mimi mikate ya kumimina tangu tulipohamia huku. Nikalaani gari, nikalaani Italia, nikaenda kuchukua spana.

Hata kukitoa kile kiti ni mtihani. Waliokitengeneza hawakufikiri kuwa iko siku mtu atataka kukitoa. Spana haiingii, mkono hauingii, nimelala chali miguu iko nje, na Bi Zuwena ananiangalia ananiambia polepole, polepole. Nikakifunga kwa shuka yake, nikakiweka nyuma ya pikapu. Nikamwambia abaki nyumbani. Akapanda pikapu, akafunga mkanda, akaangalia mbele. Sikubishana.

Karakana nikakiweka kiti juu ya meza, nikafumua kile kipande cha ubavuni, kitu cha ukubwa wa kiganja tu. Nikageuza nikatizama nyuma kama Rafiq alivyonifunza. Ntakwambieni ukweli, niliisogeza taa karibu nikatizama tena. Nyuma palikuwa safi kushinda mbele. Mahala ambapo hakuna mtu atakayepaona mpaka kiama, yule mtu wa Italia kashona vile vile, uzi umetiwa nta, kila pigo limelala sawa. Miaka yote nimekaa juu ya viti vya watu, sijakutana na adabu kama ile.

Ngozi nilipata. Sikilizeni, hili la kufaa: ukitaka ngozi ya kufanana usiende dukani, rangi haitolingana. Kata chini ya kiti chenyewe, kwenye pindo lililojificha, ngozi ile ile, ya mnyama yule yule. Pale chini weka nyengine, hakuna anayeangalia. Basi nikakata, nikapima kwa kile kipande kilichoungua, nikatoboa kwa msharasi matundu sawa na ya zamani. Mpaka hapo nilijiona bingwa.

Nikajaribu mshono kwenye kipande cha bure. Ukalala kulia. Wa Italia umelala kushoto. Nikafumua, nikageuza kiti. Kulia. Nikashika shazia, ile sindano ya ngozi, kwa mkono mwengine, nikajidunga. Nikatupa shazia chini, nikasema maneno ambayo mbele ya mwanamke wa rika lile hayasemwi.

"Lete," akasema Bi Zuwena. Alikuwa amekaa kwenye kigoda anakunywa chai yangu. Akavaa miwani, akauinamia ule mshono wa zamani, akaufuata kwa kidole.

"Huyu mashoto," akasema.

"Nani?"

"Huyu aliyeshona. Mashoto kama mimi. Na tizama, hapa kachoka, uzi umelegea kidogo. Hapa kaondoka kaenda kunywa chai, karudi ana nguvu."

Mnajua Bi Zuwena alikuwa nani? Alikuwa mshonaji wa kofia za viua. Alipofika Maskati bado msichana alikuwa na sindano zake ndani ya mkoba, na hakuna kofia iliyokaa kichwani mwa mumewe wala mwanawe ila kaishona yeye. Kofia moja miezi, tundu kwa tundu. Akakishika kile kiti, akakipapasa.

"Mimi nilidhani bati," akasema. "Nilidhani kapenda bati na makelele. Kumbe ndo hichi alichokuwa akikipenda. Mbona hakunambia?"

"Alikwambia usiiguse."

"Hilo ndo alilonambia, kweli." Akavua miwani akaipangusa kwa ncha ya ushungi, akaivaa tena. "Lete sindano."

Nikakataa. Nikamwambia macho yake, vidole vyake, ngozi si kitambaa. Akaninyang'anya shazia mkononi. Basi mimi fundi, mwenye karakana, nikageuka kuwa mtu wa kupaka nta uzi! Na nikigombezwa. "Uzi wako mnene. Mwanga huo uusogeze. Usinipumulie." Akashona mpaka laasiri, akaswali hapo hapo karakana, akarudi akamalizia. Mshono ulilala kushoto. Ungemwita yule mtu wa Italia mwenyewe angesema ni wake.

Isipokuwa mwisho. Bi Zuwena akifika mwisho ana yake: anarudi nyuma kidogo, anapitisha uzi chini kwa chini, anaficha fundo. Nikamwambia, "Mwenyewe hakumaliza hivyo."

"Mimi ndo nnavyomaliza. Siwezi kumaliza vyengine."

Nimechoka, kanzu yangu imejaa gundi, nikamwacha, nikakirudisha kiti garini.

Haitham akarudi. Nikasubiri simu, haikuja. Nikamshukuru Mungu. Hazikupita siku nyingi akaingia karakana, akavuta kigoda kile kile akakaa.

"Ami, kiti changu kimeguswa."

"Kiti gani?"

"Ami. Mimi nimevaa kofia za mama tangu sina meno. Nikikaa darasani nikichoka nilikuwa naivua naihesabu matundu. Unadhani siujui mkono wake?" Akaangalia chini. "Udi nimeusikia hata kabla sijafungua mlango. Nikaona ule mshono, nikaelewa kila kitu. Nimekaa humo ndani ya gari nimelia mimi."

"Basi nenda kamwambie!"

"Ah, hapana. Akijua nimejua ataona haya. Usimwambie."

Na huku mama naye, kila wiki simu. "Khalfani, hajajua?" Hajajua, Bi Zuwena. "Usimwambie." Simwambii. Miaka mizima! Mtu mzima mimi, nadanganya huku na nadanganya kule kwa sababu ya kipande cha ngozi, na wao wanakula meza moja.

Lakini sikilizeni alichofanya Haitham. Ijumaa moja akasimama mlangoni kwa mama yake, akamwambia, "Mama, gari yangu mbona mpaka leo hujaifukiza?" Bi Zuwena alinipigia simu hapo hapo, analia na kucheka, mimi nikawa napiga kelele tu, "Sinia! Weka sinia chini ya chetezo!" Kuanzia hapo ikawa ada. Kila Ijumaa baada ya laasiri gari inafukizwa, kisha wanapanda wawili, wanakwenda mpaka Bustan na kurudi. Magoti yakaacha kumuuma ghafla. Anakaa kiti cha pili, mkono wake kauweka pale ubavuni, kaufunika ule mshono mwanawe asiuone. Na mwanawe anaendesha polepole, macho mbele, asimfanye akautoa.

Bi Zuwena kafariki, Mungu amlaze pema. Baada ya matanga na khitma kwisha, Haitham akaniletea gari. Mimi nilikuwa nshafunga karakana, nimebaki na meza moja na vyombo vyangu nyumbani. Akaniwekea bahasha mbele. Ndani kipande cha ngozi, kipya, kimetoka kule kule Italia.

"Ami, gari naiuza. Mnunuzi anaitaka kama ilivyotoka kwao. Ule mshono wa mama ufumue."

Weee! Nilisimama. Nilimwambia maneno yote niliyoyaweka miaka ile yote, nilimwambia wewe ulimtia mama'ko haya mbele za watu, kashona mpaka vidole vikavimba, kafunika kwa mkono wake mpaka kafa, na leo kwa sababu ya mnunuzi unanambia nifumue? "Siufumui! Tafuta mwengine!"

Akaningoja nikamaliza. Kisha akasema, "Kile kiti hakina mtu, Ami. Nikiendesha naangalia pembeni, pale pale kila siku. Siiwezi. Gari na iende. Mimi nnachokitaka ni kile kipande."

Nikakaa chini. Nikatafuta miwani.

Nilifumua huku nnagombeza, na ilinichukua mchana mzima, mana'ke Bi Zuwena alishona kweli kweli, na lile fundo lake lilikataa kuonekana. Mwisho nikalipata, lakini sikulikata. Nilikata mbali nalo, nikamwachia lilivyo. Haitham akakipokea kile kipande, akavua kofia, akakitia ndani yake, akaivaa. Gari hakuigeukia.

Basi mnaponiletea simu mkaniuliza gari ile ina nini hasa, mimi sina la kuwajibu. Mwulizeni aliyenayo. Ni kijana kama nyinyi, kiti chake kipya, safi, milango yake bado hailingani, na juzi kapata namba yangu kanipigia, kakasirika.

"Mzee, wewe si ndo fundi? Gari nimeiosha, nimeipeleka kwa wataalamu, nimeiacha wazi juani, bado inanuka udi. Unatoka na nini huu?"

Nikamwambia hautoki. Azoee.